Kirukia na Kitulia

Lugha yetu imewajua wezi wa mitini tangu zamani. Mtu wa pwani akiona tawi moja la mchungwa wake limebadilika, majani yake yamekuwa mengine na maua yake mekundu ilhali mchungwa haujapata kutoa ua jekundu, haulizi mara mbili. Husema, "Huu umeingiwa na kirukia," akaenda kutafuta panga. Kadhalika, apitaye juu ya ufuko akaona kichaka kimefunikwa na nyuzi za manjano zilizosokotana kama wavu mkuukuu, hashangai. Atakuambia kuwa ule ni mlangamia, na kuwa kichaka kile hakina siku nyingi.

Majina hayo mawili ni ushahidi wa macho makali ya wazee wetu. Kirukia hakikupewa jina lake ovyo. Ndege hula tunda lake, mbegu yenye ulimbo ikamganda mdomoni au ikatoka pamoja na kinyesi, naye akaipangusa juu ya tawi. Hapo hapo mbegu huota, na badala ya kutafuta udongo huuchoma mti, ikaingiza mzizi wake ndani ya ubao mpaka penye mishipa ya maji. Majani yake ni ya kijani na hujipikia sehemu ya chakula chake, lakini maji na chumvichumvi za ardhini ni za kuibiwa. Mlangamia nao huanza maisha yake mchangani kama mmea mwingine wowote. Ukishapata wa kumkumbatia, mzizi wake wa chini hufa, na tangu hapo hauna jani la maana wala udongo; una vinywa tu. Anayedai kuwa Kiswahili ni maskini wa istilahi za mimea na ayatafakari kwanza majina haya mawili.

Lakini yuko mkaazi wa tatu wa mitini, ambaye lugha yetu haikumtendea haki. Huyu naye huota juu ya mti, hana mzizi ardhini, na mtu akimtazama kutoka chini humdhania ni ndugu yao wale wawili. Kwa hakika si ndugu yao. Haingizi mzizi ndani ya mti, bali huushikilia kwa nje tu, kama mtoto anavyomshika mama yake shingoni. Maji yake ni ya mvua na umande. Chakula chake hukipika mwenyewe kwa mwanga wa jua, na chumvi chache anazozihitaji huzipata katika vumbi liletwalo na upepo, na katika maji yanayotiririka juu ya gome. Kwa mti aliokaa juu yake hataki ila mahali pa kukaa. Pamoja na hayo, mashambani huitwa kirukia, na vitabuni mara nyingi huitwa kimelea, yaani mla wa mwenziwe.

Makala hii inahusu jina hilo na gharama yake. Neno moja likibeba viumbe wawili, panga halichagui.

Mimi si mtaalamu wa mimea. Elimu hiyo sikuisoma darasani, kama ambavyo sikuusoma ushairi wala tafsiri darasani. Niliingia katika habari hii kwa mlango wa kazi yangu, pale mwaka 2014 nilipoombwa kutafsiri makala fupi juu ya misitu ya Amerika ya Kati. Ndani yake mlikuwa na mimea ambayo Waingereza huiita kwa jina lenye maana ya "mimea ya hewa", kwa kuwa huota juu ya miti, juu ya majabali, hata juu ya nyaya za umeme, bila ya chembe ya udongo. Nilikaa na neno lile siku nyingi kuliko nilivyokaa na makala yenyewe. "Kimelea" nililikataa kwa sababu ni uongo. "Mmea wa hewa" liliniponyoka kwa sababu nyingine: katika Kiswahili cha leo, kitu kikiitwa hewa maana yake hakipo. Tunao wafanyakazi hewa na miradi hewa. Nikisema mmea hewa, msomaji atafikiri kuwa kuna mtu amelipwa kwa mmea ambao haukupandwa. Nikajaribu "mdandizi", kwa vile mmea umedandia mti. Lakini anayedandia gari hakulipa nauli, na jina likarudi kulekule kwenye wizi. Makala nikaipeleka na maelezo ya maneno sita mahali pa neno moja. Ilipokelewa, lakini mimi mwenyewe sikuridhika.

Nikaanza kuitafuta mimea hiyo nyumbani, maana niliona kuwa jina la kitu halipatikani kwa kukaa na kamusi peke yake. Ile ya Amerika haioti kwetu porini. Jamaa yake yote ni ya bara la Amerika, isipokuwa aina moja tu iliyoko Guinea, Afrika ya Magharibi. Na ndugu yao mmoja tunamjua sote, naye ni nanasi, ambaye yeye amekubali kuishi ardhini. Lakini kazi ile ya kuishi juu ya mti bila ya kuiba, kwetu inafanywa na wengine, na hodari wao ni okidi. Duniani zipo takriban aina 28,000 za okidi, na zaidi ya nusu yao huishi mitini. Watu wa visiwani wanaijua angalau okidi moja, hata kama hawajui kuwa ni okidi: lavani, au vanila kama vijana wanavyosema, ile inayotambaa juu ya miti katika mashamba ya viungo na kuonyeshwa kwa wageni.

Niliyempenda kuliko wote ni mdogo sana na hana jani hata moja. Wataalamu humwita Microcoelia exilis, jina alilopewa na Mwingereza John Lindley mwaka 1830. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni kiota kilichobomoka au fundo la mizizi iliyokauka. Nilipomtundika mmoja uani, jirani yangu alisimama akamtazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana, siku hizi unafuga buibui?" Sikumlaumu. Mmea mzima ni mizizi. Shina lake halifiki urefu wa kidole, na kazi ya majani imehamia mizizini. Kila mzizi umevikwa ala ya seli zilizokufa, nyeupe kama chokaa wakati wa ukavu. Ikinyesha mvua, ala ile hunywa maji kama sifongo na kuwa angavu. Rangi ya kijani iliyojificha chini yake hujitokeza, na kile ulichokidhani maiti hugeuka mbele ya macho yako kuwa kitu hai. Halafu huja maua, meupe, mengi, kila moja halizidi punje ya mtama, na nyuma yake limebeba kifuko kidogo cha mviringo. Ua hilo halikupigii kelele. Usipoinua shingo hutaliona.

Siku iliyonifundisha zaidi kuliko vitabu ilikuwa mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule, kisiwani Pemba, wakati wa karafuu. Nilipita katika shamba ambalo katikati yake palisimama mwembe mkongwe, na chini yake mzee mmoja na mkewe walikuwa wakichambua karafuu juu ya jamvi. Kijana alikuwa juu ya mwembe na panga, akikwangua. Vilianguka virukia vyenye maua mekundu, na pamoja navyo vilianguka vile vifundo vya mizizi myeupe ninavyovijua.

"Shikamoo, mzee wangu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini."

Nilikaa, tukajuliana hali, na baada ya kikombe cha kahawa nikamwuliza ni nini kijana anachokikwangua.

"Virukia," alisema. "Mti ukivaa virukia hauzai. Vyote hivyo, hivyo vyekundu na hivyo vyeupe."

Nikaomba ruhusa, nikaokota tawi moja lililoanguka likiwa na vyote viwili. Nikapasua mahali kilipokaa kirukia, na mzee akaona kwa macho yake jinsi kilivyozama ndani ya ubao, hata usijue mti umeishia wapi na mwizi ameanzia wapi. Kisha nikaingiza ukucha chini ya mzizi mmoja mweupe. Ulibanduka kama nyuzi ya gundi, na gome lililokuwa chini yake lilikuwa zima, halina tundu wala kovu. Mzee alilipitisha dole gumba mara mbili.

"Kumbe hiki hakina jino," alisema.

Mkewe, ambaye hakuwa ameacha kuchambua hata kwa dakika moja, akasema bila ya kuinua uso: "Hicho hakikurukia. Kimetulia tu."

Mzee hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, wala haikuwa haki ashindwe. Aliniambia kuwa vitu vikizidi juu ya tawi, hasa vikishiba maji ya masika, tawi hulemewa likavunjika; na jambo hilo ni kweli. Aliniambia pia kuwa iko mikuyu inayoanza kama mgeni mpole juu ya mti mwingine, ikashusha mizizi yake mpaka chini, ikanenepa, na mwishowe ikamkaba mwenyeji wake. Na hilo nalo ni kweli, limeshuhudiwa katika kila msitu wa joto. Si kila mgeni asiyeiba ni mgeni mwema. Lakini alimwita kijana wake akamwambia aviache vile visivyo na jino, isipokuwa penye tawi bovu. Nikaondoka na vipande vitatu vya matawi yaliyokwisha anguka, na neno moja ambalo sikuwa nalo nilipofika.

Nalo ni neno lililonasibu. Kutua ni kazi ya ndege anapokamata tawi. Kutulia ni kutua mahali fulani, na tena ni kuwa mtulivu. Kirukia huurukia mti, na kitulia hutulia juu yake. Vitenzi viwili, mnyambuliko mmoja, silabi nne kwa nne; na tofauti yote ya tabia zao imo ndani. Mimi, niliyelitafuta katika makamusi ya lugha tatu, nililipata kwa mwanamke aliyekuwa akichambua karafuu, ambaye hakuwa anatunga istilahi bali alikuwa anasema alichokiona.

Hapana budi nieleze kwa nini napigania jina kwa kiasi hiki. Majina ya makosa yana historia ndefu, na hata wakubwa wa elimu wameyatoa. Ile mimea ya Amerika niliyoitaja, inayouzwa leo mijini Ulaya na Marekani ikiwa imetundikwa ndani ya vioo, kwa Kilatini huitwa Tillandsia, jina alilolitoa Msweden Linnaeus katika karne ya 18. Alimkusudia Elias Tillandz, daktari wa karne ya 17 aliyefundisha Turku, katika nchi ambayo leo ni Finland. Husimuliwa kuwa Tillandz aliwahi kuvuka bahari akatapika mno, hata akaapa kutopanda chombo tena. Safari ya kurudi akaizunguka ghuba yote kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000, na jina lake lenyewe akalibadilisha likawa na maana ya "kwa nchi kavu". Linnaeus, aliyeuona mmea usio na udongo na akadhani kuwa unayachukia maji, akaona kuwa jina la bwana huyo linaufaa. Sisi watu wa visiwa tunaweza kumcheka daktari yule kwa wema. Lakini mmea umesingiziwa. Hauyachukii maji hata kidogo. Huyanywa kwa majani yake yote, kwa magamba madogo yanayodaka ukungu na mvua, na wengi katika jamii hiyo hufunga vitundu vya majani yao mchana na kuvifungua usiku, wasije wakapoteza kile kidogo walichokipata. Ni wabahili wa maji kwa kuwa wanayathamini.

Okidi nayo ilisingiziwa kwa muda mrefu kuwa ni tasa. Kifuko chake kimoja huweza kubeba maelfu ya mbegu, na kwa baadhi ya aina hata zaidi ya milioni, lakini watu wakizipanda hazikuota. Mbegu yake ni vumbi tupu. Haikufungiwa masurufu ya safari kama punje ya mahindi au kunde. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeitambua siri yake: mbegu ile haiwezi kuota porini mpaka ikutane na kuvu fulani, ambayo huingia ndani yake na kuilisha. Hapa Kiswahili kilikuwa na jambo lake tangu zamani, maana sisi neno letu ni moja, ukungu, kwa ule mvuke wa alfajiri unaotanda juu ya bonde na kwa ile kuvu iotayo juu ya mkate. Okidi ya mtini yataka ukungu wa aina zote mbili. Nimelipitia neno hilo mara nyingi katika mashairi nisijue kuwa lina uzito huo.

Kwa hiyo mtu anayeing'oa okidi kutoka mtini akaipeleka kwake anachukua mmea, lakini ameuacha ujirani uliouzaa: gome lile, kivuli kile, upepo ule, kuvu ile. Ndiyo maana nyingi hufa. Hufa polepole, kwa muda wa mwaka au miwili, hata mwenyewe akadhani kuwa zimekufa kwa ajali.

Njia niifuatayo mimi ni ya kuokota. Baada ya dhoruba, au baada ya kukatwa mti, matawi huanguka pamoja na vitulia vyake. Na kitulia kilichoanguka chini ya kivuli kizito, kwenye majani yanayooza, hakina maisha marefu. Hivyo ndivyo nivichukuavyo, baada ya kumwomba mwenye shamba. Katika misitu iliyohifadhiwa, kama Ngezi kule Pemba au Jozani huku Unguja, siokoti hata kilichoanguka. Pale naenda kutazama tu, na kutazama pia ni kuchuma.

Nikifika nyumbani sikibandui kwenye tawi lake. Tawi likiwa refu nalikata, nikaacha kipande chenye mizizi yote, nikakifunga kwa kamba ya makumbi juu ya gome la mwembe au kipande cha kifuu, nikakitundika uani upande wa mashariki, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri. Udongo hapana, wala mbolea ya shamba; mzizi uliozoea upepo ukifukiwa huoza. Maji ni ya mvua, niliyoyakinga katika pipa, kwa sababu maji ya visima vyetu yamepita katika mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi, ambayo huganda juu ya ala ile nyeupe na kuiziba. Namwagilia alfajiri, na sirudii mpaka mizizi iwe imekauka na kuwa meupe tena. Wakati wa masika na vuli sina kazi; mbingu hunifanyia. Kazi iko katika miezi ya ukavu, hasa Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likawa kali. Hapo asiyetazama kila siku hupoteza.

Na hiyo ndiyo elimu yote. Haina siri, bali ina subira. Katika vile vipande vitatu vya Pemba, kimoja kilikufa, kimoja kilikaa miaka mitatu bila ya kuongeza hata mzizi mmoja kisha kikachanua, na cha tatu kingali hai nikiandika haya. Mtu aliyezoea kupanda mchicha atasema kuwa huu ni mchezo wa wasio na kazi. Mshairi hawezi kusema hivyo. Ziko beti nilizozitundika miaka mitatu zikingoja neno moja.

Lakini nisije nikamfanya msomaji aamini kuwa wokovu wa viumbe hivi uko katika nyua zetu. Haumo humo. Mwaka 2019 ulikatwa mwembe mkubwa pembezoni mwa njia niipitayo kila siku. Waliokuja na misumeno walikuwa na sababu yao, na barabara tunaihitaji sote. Nilifika jioni, nikahesabu juu ya matawi yaliyolala chini vitulia vya aina nne, na baadhi yao vilikuwa ndani ya maua. Nilichukua nilichoweza kubeba kwa mikono miwili. Vilivyobaki vilichomwa siku ya pili pamoja na majani. Hakuna aliyefanya dhambi kwa makusudi. Machoni mwa wote zilikuwa takataka za mti, na takataka hazina jina. Jambo moja lilinikaa moyoni. Mwembe ni mti uliotujia kutoka Bara Hindi, na vile vitulia ndivyo wenyeji wa ardhi hii tangu kabla ya miembe na mikarafuu. Misitu yao ilipofyekwa kupisha mashamba, vilihamia juu ya miti ya kigeni, vikatulia. Yaani mti ndio uliokuwa mgeni, na tuliyemwita mdandizi ndiye aliyekuwa mwenyeji. Tukikata miembe mikongwe bila ya kupanda mingine ya kuirithi, vitakuwa vimehamishwa mara ya pili, na safari hii hakuna pa kuhamia.

Wala hatari haitoki kwa asiyejua peke yake. Anayejua na kutamani ni hatari zaidi. Kule Nyanda za Juu Kusini, kwenye uwanda wa Kitulo ambao wenyewe huuita Bustani ya Mungu, okidi za ardhini zilichimbwa viazi vyake kwa wingi ili vipelekwe Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya uwanda ule uhifadhiwe, ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, umeiweka jamii nzima ya okidi chini ya ulinzi wake, na hairuhusiwi kuvusha mpaka mmea wa porini bila ya kibali. Anayetaka maua kwa ajili ya kuuza hana udhuru tena. Tangu mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alipoonyesha kuwa mbegu ya okidi huweza kuoteshwa ndani ya chupa, kwa kulishwa sukari badala ya kuvu, mimea hiyo huzalishwa kwa maelfu pasipo kugusa msitu.

Sheria ni jambo jema, lakini sheria haipandi juu ya mwembe pamoja na kijana mwenye panga. Kinachopanda naye ni lugha yake. Akiwa na neno moja, ana tendo moja. Akiwa na maneno mawili, mkono wake utasita japo kwa muda wa pumzi moja, ajiulize: hiki kimeruka au kimetulia? Kwa ajili ya kusita huko nimetunga ubeti huu, ambao wenzangu wa bahari ya ushairi watausahihisha wakiona upungufu:

Mgeni juu ya mti, haombi tonge jikoni
Hana shamba hana kuti, wala shina ardhini
Umande ndio yakuti, aivaayo shingoni
Ni nani mwenye thubuti, kumwita mwizi mgeni?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hesabu ya msitu hawakukosea: chini ya mizizi ya vitulia hukaa wadudu, kwa wadudu hao huja ndege, na majani yaliyokusanyika huhifadhi unyevu wakati wa ukavu. Mti unaobeba wageni ni mji mzima.

Neno kitulia silidai kuwa langu, na wala sikuwahi kulikuta katika kamusi yoyote niliyonayo. Huenda katika Makunduchi au Tumbatu, Lamu au Kisiwa cha Mafia, liko jina jingine lililo bora zaidi, lililosahauliwa na wachapishaji lakini lingali midomoni mwa wachumaji na wakwezi. Aliye nalo na aliandikie jarida hili, nami nitakuwa wa kwanza kuliacha langu na kulishika lake. Hata hivyo jina lolote tutakalolichagua, liwe ni la kumtofautisha asiyekuwa na jino na mwenye jino, na liwafikie kwanza wenye mapanga kabla ya kuwafikia wenye kamusi.